Kitabu Kabla ya Kusomwa

Ukifungua kitabu kilichochapwa Ulaya katika miongo ya kwanza ya chapa, usitarajie kukuta jina lake kwenye ukurasa wa mwanzo. Wapiga chapa wa kwanza walifuata mazoea ya waandishi wa mkono. Maandishi yanaanza moja kwa moja juu ya karatasi, pengine kwa mstari mmoja unaosema kwamba hapa panaanza maneno ya fulani juu ya jambo fulani, kisha kazi inakwenda hadi mwisho. Jina la mpiga chapa, mji na tarehe, kama vimewekwa, viko nyuma kabisa, katika mistari michache ya kufungia. Mtu aliyezoea vitabu vya leo hutafuta mbele. Aliyefundishwa hugeuza kitabu na kuanzia nyuma.

Mistari hiyo ya kufungia ina uzito wake. Zaburi iliyochapwa Mainz na Johann Fust na Peter Schöffer ndiyo kitabu cha kwanza cha chapa Ulaya chenye majina ya waliokichapa pamoja na tarehe kamili, 14 Agosti 1457. Ni kazi ya fahari, yenye herufi kubwa zilizopigwa kwa rangi nyekundu na buluu. Na humo humo, ndani ya mistari ambamo mabwana hao wanaitangaza kazi yao, herufi mbili zimepishana: palipotakiwa kusomeka psalmorum pamesomeka spalmorum. Mtu anayekieleza kitabu hicho haruhusiwi kusahihisha. Huandika spalmorum, kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Kosa lile ni la mtu aliyesimama mbele ya sanduku la herufi, ambaye jina lake hatulijui, na hiyo ndiyo alama ya mkono wake tuliyobakiwa nayo.

Mimi nilifundishwa kuanzia nyuma katika maktaba moja kongwe ya Ujerumani, nikiwa mkutubi kijana kutoka Unguja niliyepelekwa kwa mafunzo. Mwalimu wangu alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti na mkali wa macho, aliyeishi na vitabu vya karne ya 15 karibu maisha yake yote ya kazi. Aliniwekea mezani kitabu kinene chenye jalada la mbao lililovikwa ngozi, akakilaza juu ya mito miwili ili mgongo wake usivunjike, kisha akapanga pembeni rula, penseli, tochi ndogo na kioo cha kukuzia. Kalamu ya wino haikuruhusiwa chumbani. Glavu hazikuwepo, kwa kuwa vidole vilivyofunikwa havisikii ukingo wa karatasi na huuchana. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri ndiyo salama. Nilipouliza kitabu kinaitwaje, alikataa kuniambia.

"Jina utalipata baadaye," alisema. "Kwanza niambie kuna nini mezani."

Amri hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mkutubi kweli, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa. Naamini vitabu vyetu wenyewe vya pwani vinaihitaji sasa, kabla havijaliwa na wadudu, au kabla havijashonwa upya na watu wenye nia njema.

Nilianza na karatasi. Karatasi ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara ya kitani yaliyotwangwa majini hadi yakawa uji. Fundi alichovya fremu yenye wavu wa waya, akaiinua, maji yakachuruzika na nyuzinyuzi zikabaki juu. Kila waya uliacha alama yake: mistari myembamba iliyosongamana, na mingine mizito iliyoachana, inayoikatiza ile myembamba. Juu ya wavu fundi alishonea umbo la waya, kichwa cha fahali, kishada cha zabibu, nanga, mkono, na umbo hilo likabaki ndani ya karatasi kama ile alama tunayoitafuta kwenye noti kabla ya kuipokea.

Karatasi nzima ikikunjwa mara moja hutoa magombo mawili makubwa, kila gombo na kurasa zake mbili, mbele na nyuma. Mistari mizito husimama wima na alama hukaa katikati ya gombo mojawapo. Ikikunjwa mara mbili hutoa magombo manne; mistari hulala, na alama huangukia penye mshono, nusu huku na nusu kule. Ikikunjwa mara tatu hutoa manane, mistari husimama tena, na alama hupanda juu kwenye pembe ya ndani. Ndiyo maana ukubwa wa kitabu kwa macho hauna ushahidi wa kutosha. Kitabu kidogo chaweza kuwa kilikatwa pembeni na mjalidi mara mbili au tatu katika maisha yake. Lakini mistari ya waya haikatiki ikaondoka. Nilishika tochi nyuma ya gombo, nikaona mistari imelala, na pembe za fahali zimezama ndani ya mshono. Karatasi ilikunjwa mara mbili. Niliandika hivyo, na kilikuwa kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu kitabu kile bila kuambiwa na mtu.

Kisha nikahesabu magombo, moja moja, mpaka mwisho. Yalikuwa 101.

Mwalimu aliitazama namba ile akanyamaza, akinisubiri. Ilinichukua muda kuona alichokiona yeye mara moja. Karatasi iliyokunjwa hutoa magombo mawili, manne au manane. Haitoi moja. Kitabu chenye hesabu ya witiri kina gombo lililoondoka, au lililoongezwa.

Basi nikatafuta uzi. Magombo yaliyokunjwa pamoja hufanya fungu, na kila fungu hushonwa katikati yake, hivyo ukifungua kitabu taratibu unaukuta uzi ukionekana mahali pamoja tu katika kila fungu. Fungu la magombo manane lina uzi kati ya la nne na la tano. Fungu la kwanza lilikuwa hivyo, na la pili, la tatu na la nne. Katika fungu la tano niliukuta uzi baada ya gombo la tatu, na mbele yake yalikuwepo manne. Nusu ya kwanza ilikuwa na upungufu. Chini ya magombo ya nusu ya kwanza ya kila fungu palikuwa na herufi ndogo na namba, zilizopigwa chapa ili mjalidi asichanganye mpangilio. Wapiga chapa walianza kuzipiga hivyo Cologne mwaka 1472, katika kiwanda cha Johann Koelhoff. Kabla ya hapo ziliandikwa kwa mkono ukingoni kabisa, na mara nyingi kisu cha mjalidi kiliondoka nazo. Kwenye fungu langu nilisoma e1, nikasoma e2, kisha e4.

Sentensi iliyokuwa chini ya gombo la pili ilikatika katikati ya neno, na ile iliyoanza juu ya gombo lililofuata ilikuwa ya jambo jingine kabisa. Nilipoikaribisha tochi penye mshono niliona kipande chembamba cha karatasi kimebaki kimeshikwa na uzi, ukingo wake umenyooka. Gombo lile halikuchanika kwa uchakavu. Lilikatwa kwa kisu. Orodha ya zamani ya maktaba ilisema kitabu kimekamilika.

Mwalimu alinifundisha kuandika habari hiyo yote kwa mstari mmoja: a–m⁸ n⁶, e3 haipo. Alfabeti ya wapiga chapa wale ilikuwa na herufi 23; i na j walizihesabu moja, u na v moja, na w hawakuiweka. Kutoka a hadi m, basi, ni mafungu kumi na mawili ya magombo manane, kisha fungu moja la sita. Jumla 102, ukitoa moja. Mkutubi wa Tokyo au wa Dar es Salaam akiusoma mstari ule anajua kitabu kilivyojengwa bila kukiona, na akiwa na nakala yake anaweza kuilinganisha na yetu gombo kwa gombo. Sijawahi kuona maandishi mafupi yenye adabu zaidi ya hayo. Yanasema kilichopo na kisichopo, basi.

Siku iliyofuata tukaenda kwenye herufi. Kila kiwanda cha mwanzo kilikuwa na herufi zake za risasi, na hata pale zilipofanana kwa sura hazikulingana kwa kimo. Kwa hiyo mtu hupima mistari 20, kutoka chini ya mstari mmoja hadi chini ya mstari wa ishirini juu yake, na huandika milimita. Kipimo hicho, pamoja na umbo la herufi kubwa chache, hasa M, huweza kukupeleka kwa mpiga chapa hata kama kitabu hakina jina wala mji. Kazi hii ilifanywa kwa bidii ya kupita kiasi na Robert Proctor wa British Museum, aliyetoa faharasa yake kubwa mwaka 1898, akavipanga vitabu kwa nchi, mji na kiwanda. Mwaka 1903 alikwenda kutembea milima ya Alps peke yake na hakuonekana tena. Njia yake ingali inatumika. Kabla yake Henry Bradshaw, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Cambridge kuanzia 1867 hadi alipofariki 1886, ndiye aliyesisitiza kwamba ukusanye mambo yanayoonekana, uyapange, na uache hitimisho lije lenyewe. Leo orodha ya kimataifa iliyoanzishwa na British Library ina matoleo yapatayo 30,000 ya karne ya 15, na nyuma ya kila ingizo yuko mtu aliyeinama juu ya meza na rula.

Kuna jambo moja la Biblia ya Gutenberg ambalo nililisikia hapo kwa mara ya kwanza na halijanitoka. Tunaiita Biblia ya mistari 42, kwa sababu kila safu ina mistari 42. Lakini katika baadhi ya nakala kurasa tisa za mwanzo zina mistari 40, na ukurasa wa kumi una 41. Kazi ilianza, watu wakaona karatasi inakwenda nyingi, wakabana mistari huku kazi ikiendelea. Tena, baada ya kuanza, waliamua kuongeza idadi ya nakala, na kurasa za mwanzo ambazo herufi zake zilikwisha kuvunjwa zikapangwa upya. Ndiyo sababu nakala mbili za Biblia ile ile, za kiwanda kile kile, hazilingani katika kurasa zao za kwanza. Zilichapwa takriban 180, na zilizobaki, nzima au sehemu kubwa, ni kama 49. Kila moja ina habari yake.

Na bado kulikuwa na kazi iliyofanywa baada ya mashine. Wapiga chapa waliacha nafasi tupu mahali pa herufi kubwa, na katikati ya nafasi hiyo mara nyingine wakapiga herufi ndogo ya kumwongoza mchoraji. Mnunuzi alipeleka magombo kwa mtu wa kuchora kwa nyekundu na buluu, kisha kwa mjalidi. Asiyekuwa na fedha, au aliyekufa kabla, aliacha nafasi zile wazi. Katika kitabu changu cha mafunzo wino mwekundu unakwenda vizuri hadi fungu la saba, halafu unakoma. Kuanzia hapo kurasa zina madirisha meupe yenye herufi ndogo katikati, mpaka mwisho wa kitabu. Hakuna orodha iliyokuwa imelitaja jambo hilo. Nililiandika mimi.

Niliporudi Unguja nilikuwa na swali moja: vitabu vyetu vya chapa vya mwanzo ni vipi, na nani amevitazama hivyo?

Si kwamba havipo. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alianzisha matbaa ya Sultani hapa Unguja, ikachapa kwa Kiarabu vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi, pamoja na ufafanuzi wa Qur'ani wa Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, Algeria. Fikiria mwendo huo: mwanachuoni wa ukingo wa Sahara, kazi yake ikapangwa herufi Unguja na kusomwa mpaka Oman. Upande wa pili, misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa na mashine yake. Edward Steere, aliyefika Unguja 1864 na baadaye akawa askofu hadi kifo chake 1882, aliipenda kazi ya chapa, na vijana waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kupanga herufi na kuendesha mashine. Kutoka mikono hiyo vilitoka vitabu vya kusomea, sala, hadithi, na mwaka 1888 jarida la Msimulizi. Bara, katika misheni ya Magila huko Bondei, Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy ilitoka kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. Orodha ya maktaba inayosema tu "Habari za Wakilindi, nakala moja" haijakuambia kama una sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, au zote zilizojalidiwa pamoja.

Na kuna vitabu vilivyokuja na majahazi na meli kutoka Bombay, vilivyochapwa kwa mawe. Hivi ndivyo vinavyowachanganya watu zaidi. Katika chapa ya mawe, mwandishi huandika ukurasa kwa mkono, na maandishi yake huhamishiwa juu ya jiwe, kisha jiwe hutiwa wino na kupigwa. Matokeo yake ni ukurasa unaofanana kabisa na mwandiko.

Mzee mmoja wa Mji Mkongwe aliniita nyumbani kwake nikaangalie vitabu vya marehemu babu yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanikaribisha barazani kwenye mwanga, kisha akatoa vitabu viwili vilivyofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Hivi vyote viwili ni vya mkono, mwanangu," alisema. "Babu alikuwa hanunui cha mashine."

"Mzee, ukiniruhusu, tuviangalie pamoja."

Nilikilaza cha kwanza, nikashika tochi chini kabisa, karibu sawa na ukurasa, mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu. Uso wote wa karatasi ulikuwa na vishimo vidogo, kila herufi imezama kidogo. Nikampa kioo cha kukuzia. Herufi za Kiarabu zilizopangwa kwa risasi hushikana kwa viungo, na pale kiungo kisipokaa sawasawa huonekana ufa mwembamba kama unywele kwenye mstari. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akataka kuona cha pili mwenyewe, akashika tochi kwa mkono wake. Pale karatasi ilikuwa tambarare, mistari inakwenda bila ufa, na herufi ile ile haikufanana mara mbili. Pembeni palikuwa na maelezo yaliyoandikwa kwa kulala, na chini ya kila ukurasa wa kulia neno la kwanza la ukurasa unaofuata, lile ambalo kila aliyesoma chuoni utotoni anajua kulifuata. Lakini wino ulikuwa mweusi wa namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mahali kalamu ilipokauka na kuchovywa tena. Kilikuwa cha mawe.

Hakusikitika. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyoulizwa na wasomi wengi: jiwe moja linapiga kurasa ngapi, na mwandishi alilipwa na nani. Halafu akafungua gombo tupu la mwisho wa kitabu cha kwanza akanionyesha mistari minne ya wino wa kahawia, yenye tarehe za Hijria.

"Huyu ni shangazi yangu," alisema, kidole chake kikiwa juu ya mstari wa tatu. "Hapa ndipo tunapojua alizaliwa lini."

Katika jalada la mbele palikuwa na matundu mawili ya mdudu, na matundu yale yale yaliendelea, kwa mahali na kwa upana, katika magombo kama thelathini ya kwanza. Hiyo ina maana kwamba jalada na magombo vilikuwa pamoja mdudu alipopita. Jalada ni la zamani, si la kujalidi upya. Nililiandika hilo, nikaandika na mistari minne ya gombo la mwisho, kwa sababu mjalidi wa kawaida angeling'oa gombo hilo kwa kuliona halina kitu.

Lakini kazi iliyonigusa kuliko zote ilikuwa ya kijitabu kisicho na jalada, cha Kiswahili kwa herufi za Kirumi, cha mashine ya misheni, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai. Mtu mwingine angesema hakina thamani: somo la kusomea, sentensi fupi fupi, nakala mbovu. Nilikipima, nikahesabu magombo, nikatafuta uzi. Nilipofika katikati niliona kwamba herufi k zinabadilika. Juu ya ukurasa zilikuwa k za kawaida, zimesimama kama wenzake. Kuanzia robo ya mwisho zikaingia k nyingine, nyembamba zaidi, zenye mguu uliopinda, za seti nyingine kabisa. Ukurasa uliofuata ulijaa hizo nyembamba, na mistari miwili ya chini ilikuwa na k za kulala. Kisha likaja fungu jipya, na k za kawaida zikarudi.

Herufi za risasi ziliuzwa kwa seti, na seti za Kiingereza zilihesabiwa kwa mahitaji ya Kiingereza, lugha isiyotumia k nyingi. Kiswahili hakiendi mbali bila k, w na a. Mpangaji aliyesimama mbele ya sanduku lake aliona nyumba ya k inakwisha. Akachukua za seti ya pili. Zikaisha, akachukua za kulala. Fungu lilipopigwa na kurasa zake kuvunjwa, herufi zikarudi sandukuni, naye akaanza upya na za kawaida. Kwa hiyo k hizo zinatuambia kurasa ngapi zilisimama zimepangwa kwa wakati mmoja, na ukubwa wa sanduku walilokuwa nalo. Na zinatuambia kwamba mtu huyo hakuacha pengo hata mahali pamoja. Katika kijitabu kizima hakuna neno lililokosa k yake.

Kwenye ukurasa wa jina limeandikwa jina la misheni na la mji. La mpangaji halimo. Alikuwa, kwa yote tunayoyajua kuhusu kiwanda kile, mmoja wa vijana ambao miaka michache kabla yake waliuzwa na kununuliwa katika mji huu huu, na k hizo za kuazima ni kazi ya mikono yake. Kama sitaziandika, hakuna mahali pengine ambapo zimeandikwa. Picha za kidijitali zitaonyesha maneno, na msomaji wa mbali atayasoma kwa faida, nami naziunga mkono kwa moyo wote. Ila mara nyingi mpiga picha huruka magombo matupu, hapigi mshono, hashiki tochi nyuma ya karatasi, na nakala ya pili huambiwa ni ya ziada.

Neno hilo "ya ziada" ndilo linalonipa wasiwasi. Najua ofisi moja iliyotuma rafu nzima ya vitabu vya zamani kwa mjalidi ili vipendeze. Vilirudi vimevikwa jalada jeusi, majina kwa dhahabu, kingo tatu zimenyooshwa kwa mashine. Maandishi ya pembeni yamekatwa nusu, kiasi kwamba unasoma mwisho wa kila neno bila mwanzo wake. Majalada ya awali yalitupwa, na karatasi za ndani ya majalada pamoja nayo. Vitabu vilivyoonekana viwili viwili vilipunguzwa vikabaki kimoja kimoja, na hakuna aliyelinganisha kabla ya kupunguza. Waliofanya hivyo walivipenda vitabu vile na walitafuta fedha kwa taabu ili viokolewe. Hawakupungukiwa na nia. Kilichokosekana ni saa moja ya rula na penseli kabla ya gari kuondoka.

Saa hiyo haihitaji shahada wala fedha. Nimewafundisha watoto wa sekondari wakaifanya vizuri, tena kwa makini kuliko watu wazima, maana hawana haraka ya kukitaja kitabu jina. Wanahesabu magombo, wanatafuta uzi, wanabishana juu ya mistari ya waya. Mmoja wao, msichana, aligundua kwamba kitabu cha shule yao kilikuwa kimeshonwa mafungu mawili yamepishana, na kwamba kwa miaka yote walimu walikuwa wakidhani mwandishi ndiye aliyeruka mambo.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mlio na vitabu vya wazee majumbani, Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa, Tanga, Muscat au popote mlipohamia navyo, nanyi mnaofanya kazi katika maktaba za shule, misikiti na makanisa. Kabla hamjakipeleka kitabu kwa mjalidi, kabla hamjakipiga picha, kabla hamjampa mtu kwa kuwa mnacho kingine kama hicho, kaeni nacho mezani mchana kwenye mwanga. Msikibandike kwa selotepu; gundi yake huila karatasi. Pimeni urefu na upana kwa milimita. Hesabuni magombo yote, na yale matupu. Andikeni uzi unaonekana wapi, herufi zimezama au ziko tambarare, nani ameandika pembeni na ameandika nini, kila kosa kama lilivyo. Andikeni kwa penseli, juu ya karatasi ya peke yake, tieni tarehe na jina lenu, na karatasi hiyo ikae pamoja na kitabu popote kitakapokwenda.